Kannen: kamusi inasema ni "wazo", mbona polisi analitumia kumwambia mwizi ajisalimishe?

#1 Mgeni wa Aichi

Salaam wakuu. Ninaishi mkoani Aichi, Japani, mwaka wa tatu sasa, na Kijapani changu ni cha kiwandani zaidi kuliko cha vitabuni. Kuna neno moja limenitoa jasho wiki hii, nalo ni *kannen* (観念). Kamusi yangu ya mfukoni inalieleza kwa maneno mawili tu, "wazo, dhana", nami nikaliamini.

Kazini kwetu kila mfanyakazi hutakiwa mara kwa mara kujaza karatasi ya mapendekezo ya kuboresha kazi. Nilikuwa na wazo la kuhamisha meza ya vifaa karibu na mashine, basi nikaandika kwa fahari kwamba "nina *kannen* mpya". Kiongozi wa zamu aliisoma karatasi mara mbili, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kama nimeanza kusomea falsafa. Wenzangu walicheka mpaka kengele ya mapumziko.

Jioni ya siku hiyohiyo nikawa natazama tamthilia ya upelelezi. Polisi amemzingira mwizi kwenye uchochoro usio na pa kutokea, akamwambia kwa sauti kali, "*Kannen shiro!*" Mwizi akaketi chini, akanyoosha mikono. Kana kwamba hayo hayatoshi, keshoye mama mwenye nyumba alinilalamikia kwamba mpangaji mwenzangu hana "*jikan no kannen*", na *jikan* ninajua kuwa ni muda au saa.

Naomba msaada wenu. Hili ni neno moja au ni maneno matatu yanayofanana sauti? Na kama ni moja, wazo limefikaje kwenye pingu?

#2 Baharia wa Tanga

Ndugu Mgeni, huenda polisi alimpa mwizi kazi ya nyumbani: "Kaa chini ufikiri ulichofanya." Mimi mama yangu alikuwa akiniambia hivyohivyo, na mikono nilikuwa nikinyoosha vilevile.

#3 Mtafsiri Huru

Ni neno moja, ndugu yangu, lenye herufi zilezile mbili, ila limepita njia ndefu. Nimetafsiri kutoka Kijapani kwa miaka kadhaa, na hivi ndivyo ninavyolipambanua.

Likisimama kama nomino katika maandishi ya falsafa, saikolojia au siasa, *kannen* ni wazo kwa maana ya picha ya kitu iliyomo akilini mwa mtu, namna akili inavyokishika kitu hicho. Humo ndimo yalimo maneno kama *kotei kannen*, yaani wazo lililoganda ambalo mtu hataki au hawezi kuliacha, na *kyōhaku kannen*, wazo linalomsonga mgonjwa bila hiari yake, ambalo madaktari wa akili hulitaja kila siku. Hakuna hata mojawapo ambalo ni wazo la kuhamisha meza.

Likitanguliwa na jina la jambo fulani na kufuatwa na "kuwa na" au "kutokuwa na", maana yake ni utambuzi wa uzito wa jambo hilo. Mtu asiye na *jikan no kannen* saa anaijua kuisoma, ila haimgusi. Asiye na *keizai kannen* ni yule ambaye mshahara wake haufiki tarehe kumi. Asiye na *eisei kannen* hajali usafi. Kwa Kiswahili mimi husema tu "hana habari na saa" au "hajali fedha", na neno "dhana" siliingizi kabisa.

Likiambatana na kitenzi *suru*, yaani kufanya, ndipo linapokuwa lile la polisi: kukubali kwamba mambo yamekwisha na hakuna tena pa kukimbilia. "*Kannen shiro*" ni amri yake.

Kwenye karatasi ya kazini ungeandika *teian*, yaani pendekezo, ambalo bila shaka limechapwa juu ya karatasi yenyewe. Ukizungumza, sema *an ga arimasu* au *aidea ga arimasu*, au *kangae* ukitaka neno la Kijapani asilia. Jihadhari na *omoitsuki*. Ni wazo lililokujia ghafla, na ukilitumia kwa wazo la mwenzako ataelewa kwamba umeliona halina kichwa wala miguu.

#4 Kijana wa N1

Asante, Mtafsiri Huru. Naongeza mambo mawili. *Kannen* limo katika orodha rasmi ya msamiati wa N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa Kijapani kwa wageni, kwa hiyo Mgeni asijilaumu. Pili, ukilichambua, *kan* ni hisia, kama katika *kankaku* na *kanjō*, na *nen* ni wazo. Kwa hiyo *kannen* ni "wazo lenye hisia", na hapo ndipo linapopata ile maana ya mtu kuvunjika moyo.

#5 Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umejitahidi, lakini yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Tangu mtihani huo ulipopangwa upya mwaka 2010 na kuwa na ngazi tano, waandaaji wake hawachapishi orodha ya msamiati. Orodha zinazouzwa na kusambazwa ni makadirio ya watunga vitabu. Ni kweli kwamba karibu zote huliweka *kannen* kwenye N1, lakini neno "rasmi" liondoe.

Kuhusu *kan*, umechanganya herufi mbili zenye sauti moja. Ile ya hisia ni 感. Hii yetu ni 観, nayo ni kuona: kutazama kwa makini, kwa kukusudia. Ndiyo iliyomo katika *kansatsu*, uchunguzi wa kutazama, *kankyaku*, watazamaji wa mchezo, *kankō*, utalii, na *kachikan*, mtazamo wa mtu juu ya kilicho na thamani. Ina mistari kumi na minane ya kalamu, na anayeiandika hawezi kuisahau. *Nen*, 念, ina minane tu: juu 今, "sasa", chini 心, "moyo". Kwa hiyo *kannen*, kwa herufi zake, ni kulitazama jambo na kuliweka moyoni. Hisia ya kuvunjika moyo haimo humo hata kidogo.

#6 Kijana wa N1

Nimekubali, mwalimu, shikamoo. Kumbe 念 ni "yaliyomo moyoni sasa". Nzuri sana hiyo.

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Ni nzuri kwa kukumbukia, lakini usiipeleke darasani kama historia. Ile 今 ya juu imewekwa kwa ajili ya sauti zaidi kuliko maana. Wachina walitunga herufi zao nyingi namna hiyo, upande mmoja ukidokeza maana na mwingine matamshi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye matamshi, lina mapigo manne, *ka-n-ne-n*. Mswahili asihangaike, kwa maana *n* inayosimama peke yake tunayo katika "nne" kama tulivyo na *m* katika "mtu". Wageni wengine huimeza mojawapo wakasema *kanen*.

#8 Mzee wa Mikindani

Nimesoma kimya hadi hapa. Swali la ndugu Mgeni halijajibiwa bado. Mtafsiri Huru ametuonyesha kwamba maana ni tatu, hakutuonyesha zilivyozaliwa. Jibu liko kwenye dini ya Buddha.

*Kannen* lilikuwa neno la watawa kabla halijawa la wanafalsafa. Mtawa wa Kichina Shandao, aliyeishi kati ya mwaka 613 na 681, ana andiko ambalo jina lake lina neno hilo. Kule Japani, mtawa Genshin aliandika mwaka 985 akifundisha watu jinsi ya kumtafakari Buddha Amida. Unakaa, unatuliza nafsi, unaliona umbo lake moyoni, alama moja baada ya nyingine, mpaka akili isiwe na kitu kingine. Huko ndiko kutazama na kuweka moyoni alikokueleza mwalimu. Hōnen, aliyefariki mwaka 1212, alikwenda njia nyingine. Katika waraka mfupi alioacha siku chache kabla ya kifo chake, anasema kwamba *nen* anayoifundisha yeye si ile ya *kannen* iliyozungumzwa na wenye elimu wa China na Japani, bali ni kulitamka jina la Amida kwa imani, basi. Neno analitaja waziwazi. Kwa hiyo miaka mia nane iliyopita *kannen* lilikuwa ni ibada, tena ibada ya wasomi.

Sasa, anayetafakari hivyo anatafakari nini mwishoni? Kwamba kila kitu kinapita. Akishaliona hilo, anaacha kung'ang'ania. Kuliona kweli na kuliachilia jambo ni hatua mbili za njia moja. Mwizi kwenye uchochoro anaambiwa: itazame hali yako ilivyo, uikubali.

#9 Binti Mvita

Mzee wangu, maelezo yako ni mazuri lakini ninayaona ya kitawa mno. Wanaotamka "*kannen shiro*" katika hadithi zao za kale ni watu wa panga, na wanalitamka kabla ya kukata. Mimi nadhani njia ilikuwa fupi zaidi. Mtu anayekaribia kufa alitakiwa amkumbuke Buddha kwa mara ya mwisho, basi kumwambia adui yako "fanya *kannen*" ni kumwambia "sali sala zako, saa yako imefika". Kutoka hapo likalegea, likawa la polisi na mwizi, kisha likawa hata la mtu aliyeshindwa mchezo wa karata.

Sisi watu wa Pwani hili halitushindi kulielewa. Nilipokuwa mdogo, jahazi likipigwa na dhoruba, wazee walikuwa wakisimulia kwamba nahodha aliwaambia watu, "Pigeni shahada." Hakuwa akiwafundisha dini saa ile. Alikuwa akiwaambia kwamba hakuna tena la kufanya. Neno la ibada limegeuka tangazo la mwisho, na hakuna aliyehitaji kulitafsiri.

Tena wana msemo, "kufumba macho ya *kannen*", yaani kutulia na kungoja litakalokuja. Anayefumba macho anasali.

#10 Baharia wa Tanga

Dada Binti Mvita, nakuunga mkono kwa asilimia zote, isipokuwa kwamba nahodha wetu wa Tanga akisema pigeni shahada, yeye mwenyewe huwa ameshavaa boya.

#11 Msomi wa Wuhan

Nilisoma China miaka minne, basi naleta ushahidi wa pembeni. Wachina wana neno hilohilo kwa herufi hizohizo, *guānniàn*, na wanalitumia sana. Mtu asiyejali saa husemwa hana *guānniàn* ya muda, sawasawa na yule mpangaji wa Aichi. Wakorea wanalo kama *gwannyeom*, na Wavietnamu kama *quan niệm*. Lakini katika Kichina cha leo huwezi kumwambia mwizi "*guānniàn!*" akaketi chini. Atadhani umekosea mlango. Maana ya kusalimu amri imeota Japani.

Hilo linanipa shaka kuhusu maelezo ya mchangiaji namba 8. Kama tafakuri ya Kibuddha ndiyo iliyozaa maana ya kuachilia, mbona haikuizaa China, ambako tafakuri hiyo ilitoka?

#12 Mzee wa Mikindani

Swali zuri, lakini halinibomoi. Mbegu moja ikipandwa mashamba mawili si lazima izae sawa. Msomi angalia neno *akirameru*, ambalo ndilo la kawaida la Kijapani kwa kukata tamaa. Zamani lilikuwa na maana ya kulifanya jambo liwe wazi, kulibainisha. Leo linaandikwa kwa herufi 諦, ambayo katika maandiko ya Kibuddha ni "kweli", ile inayotumika katika zile Kweli Nne za mafundisho ya Buddha. Kulibaini jambo hadi mwisho kumegeuka kuwa kukubali kwamba haliwezekani. Safari ni ileile ya *kannen*, na neno hilo ni la Kijapani asilia, si la Kichina. Maana yake ni kwamba Wajapani wenyewe ndio waliouona uhusiano kati ya kuona wazi na kuachilia.

#13 Mtafsiri Huru

Nami naongeza ushahidi ambao unaweza kuwasaidia nyote wawili, au kuwavuruga. Kuna *kakugo*, neno jingine lililotoka kwa watawa. Kwa herufi zake ni kuamka na kung'amua. Leo ni kujiandaa kwa lolote, hata kifo, na wale watu wa panga wa Binti Mvita husema "*kakugo shiro*" mara nyingi kama wanavyosema "*kannen shiro*". Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mwenye *kakugo* anaweza bado kupigana, ilhali aliyefanya *kannen* ameshaweka upanga chini.

Lakini upo pia usemi wa "kukaza kitovu cha *kannen*", ambao una ushupavu ndani yake, kwa kuwa kwao kukaza kitovu ni kuazimia. Kwa hiyo hata huo mpaka niliouchora sasa hivi unavuja.

#14 Mwanafalsafa wa Mlimani

Jamani, mnakwenda mbali. *Kannen* kwa maana ya wazo liliundwa na msomi Nishi Amane katika enzi ya Meiji (1868–1912) ili kutafsiri istilahi za Ulaya, kama alivyounda *tetsugaku*, falsafa. Maana ya kusalimu amri ilifuata baadaye mitaani. Ndiyo kanuni ya kawaida: maneno ya wasomi huteremka.

#15 Mwalimu Mstaafu

Mwanafalsafa, umegeuza mtumbwi juu chini. Ametuonyesha Mzee wa Mikindani kwamba Hōnen alilitumia neno mwaka 1212. Nishi alizaliwa mwaka 1829 huko Tsuwano. Alichofanya ni kulichukua neno la watawa na kulipa kazi mpya. *Tetsugaku* ni kweli alilitunga, na limo katika kitabu chake cha mwaka 1874, lakini *kannen* alilikuta.

Mtu huyu anastahili kujulikana zaidi miongoni mwetu. Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilimpeleka Uholanzi, akasoma Leiden kuanzia mwaka 1863 hadi 1865, akarudi na kukuta nchi yake haina maneno ya kusemea yale aliyojifunza. Kwa hiyo yeye na wenzake wakaanza kazi ya kutunga na kuazima. Walichimba kwenye Kichina cha kale na kwenye vitabu vya Kibuddha na Kikonfusio.

Sisi nasi tumefanya hivyo, ila kisima chetu kilikuwa Kiarabu. "Itikadi" lilikuwa imani ya dini kabla halijaanza kutumika kwa siasa za vyama. "Dhana" linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kukisia, na mpaka leo kumdhania mtu vibaya ni kumshuku, lakini wanafunzi wa chuo wanaliandika katika tasnifu kama jambo lililo thabiti. Na "nadharia" limetoka kwenye *nadhar*, ambayo ni kutazama.

#16 Binti Mvita

Hapo mwalimu umenigusa. Kumbe *kan* ni kuona, na nadharia ni kuona. Basi na "maoni" yetu yametoka kwenye kuona, "mtazamo" umetoka kwenye kutazama, na mtu akisema "mimi naona tuondoke" hajatazama chochote, amefikiri.

#17 Mwanafalsafa wa Mlimani

Nakubali kosa, mwalimu. Lakini nisamehe niongeze kidogo juu ya aliloliona Binti Mvita, maana linafika mbali zaidi. Neno la Kigiriki *idea*, alilotumia Plato kwa yale maumbo ya kweli yasiyobadilika, nalo linatokana na kuona. Kwa hiyo Nishi alipoweka herufi ya kuona katika tafsiri yake alikuwa amelenga vizuri, awe alikusudia au hakukusudia.

Na Wajapani wa leo wana jambo la kufurahisha. Wazo la kuhamisha meza ni *aidea*, neno lililokopwa kutoka Kiingereza kwa matamshi ya Kiingereza. Wazo la Plato ni *idea*, linatamkwa i-de-a kama Mswahili angelisoma. Asili yake ni moja, lakini wameyatenganisha kwa matamshi tu, na anayesema moja mahali pa jingine anachekwa kama alivyochekwa ndugu Mgeni. Wazo kwa maana ya Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, lile linaloiongoza akili ingawa halifikiwi, wameliita *rinen*, na leo kila kampuni ina *rinen* yake ukutani. Dhana ya kawaida, ile unayoweza kuifafanua kwa sentensi moja, ni *gainen*. Zote zinaishia na *nen* ileile ya moyo.

#18 Msomi wa Wuhan

Tofauti ya *gainen* na *kannen* naomba ifafanuliwe, maana kamusi zetu zote mbili huandika "dhana".

#19 Mtafsiri Huru

*Gainen* haina mwenyewe. Ni ya jamii nzima au ya taaluma: pembetatu ni *gainen*, demokrasia ni *gainen*, na inafafanuliwa. *Kannen* ina mtu anayeibeba kichwani. Ukiandika *gainen* ya kifo, msomaji anatarajia maelezo ya kifo ni nini. Ukiandika *kannen* ya kifo, anatarajia kusoma watu fulani wanakionaje kifo. Mimi ya kwanza naitafsiri "dhana", ya pili "fikra" au "mtazamo", kulingana na sentensi. Wapo wenzangu wanaokataa, nao wana hoja, kwa sababu fikra kwa Kiswahili ni pana mno.

Pana pia sifa ya *kannenteki*, na hiyo ni ya kuogopwa. Kamusi husema "-a kiwazo", lakini mhariri akiirudisha kazi yako kwa kuiita *kannenteki*, amekwambia kwamba unaelea mawinguni na hujakanyaga ardhi. Iliwahi kunipata, kwa makala niliyokuwa nimeikesha.

#20 Mwanafalsafa wa Mlimani

Ukali huo una historia yake. Falsafa ya akina Kant, Fichte, Schelling na Hegel huitwa *Doitsu kannenron*, yaani falsafa ya Kijerumani inayoanzia kwenye wazo. Wafuasi wa Marx wa Japani, hasa kati ya vita kuu mbili za dunia, waliligeuza *kannenron* kuwa shutuma dhidi ya kila aliyesahau tumbo na mshahara. Shutuma ilibaki hata kwa watu wasiomjua Marx. Anayefuata maadili ya juu kwa moyo safi hawamwiti kwa neno hilo. Yeye ni mtu wa *risō*, yaani hali bora anayoilenga, na hiyo ni sifa njema.

#21 Kiongozi wa Arusha

Nimechelewa kuingia, na huenda mtasema sina *jikan no kannen*. Mimi huwatembeza wageni wa Kijapani Serengeti na Ngorongoro, na neno hilo nimelisikia kwa maana ambayo hamjaitaja. Mara moja nilimwandikia mgeni kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwamba gari litamfuata saa moja asubuhi. Alinisubiri mlangoni tangu saa saba ya usiku, ambayo kwao ndiyo saa moja, akiwa na kofia na darubini. Nilipomweleza kwamba sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, hakukasirika. Aliwageukia wenzake akasema "*jikan no kannen ga chigau*": wanauona muda kwa namna nyingine. Hapo halikuwa tusi, wala halikuhusu kuchelewa.

#22 Mwalimu Mstaafu

Mgeni wako alikuwa na haki ya kutokasirika, kwa sababu mababu zake walihesabu kwa jua kama sisi. Mpaka mwisho wa mwaka 1872, Wajapani waligawanya mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, na mafungu hayo yalirefuka na kufupika kwa majira. Tarehe 1 Januari 1873 wakaingia katika kalenda na saa za Ulaya. Lakini namba zao za zamani zilirudi nyuma: adhuhuri ilikuwa tisa, ikafuata nane. Fungu la nane, *yatsu*, kitovu chake kilikuwa karibu na saa nane yetu ya mchana, na kitafunio kilicholiwa wakati huo kikaitwa *oyatsu*. Jina hilo watoto wa Kijapani wanalililia hadi leo. Kulingana kwa namba yao na yetu ni sadfa tu, lakini mimi hunifurahisha kila nikikumbuka.

#23 Baharia wa Tanga

Kwa hiyo saa nane mchana ni saa ya andazi hapa na kule. Hii ndiyo hoja ya kwanza katika uzi huu niliyoielewa yote.

#24 Mzee wa Mikindani

Turudi kwenye pingu, ndugu zangu. Binti Mvita bado hajanieleza: kama asili ni sala ya mwisho ya anayekufa, mbona mtu hutumia *kannen suru* hata kwa jambo ambalo halina hatari, kama kukubali kwenda kwa daktari wa meno? Maelezo yangu ni mapana ya kutosha kubeba yote mawili.

#25 Binti Mvita

Kwa sababu watu hutia chumvi, mzee. Mimi husema "leo nakufa" nikiona foleni ya benki. Tena upana wa maelezo yako ndio unaonitia shaka, kwani yanaweza kubeba chochote. Macho yanafumbwa katika ule msemo, wala hayatazami. Kama maana ilitoka kwenye kuitazama kweli, yangefumbuliwa.

#26 Mzee wa Mikindani

Anayemtafakari Amida kwa jicho la moyo hufumba ya mwili. Hapo umenipa hoja, binti yangu.

#27 Mgeni wa Aichi

Nawashukuru nyote. Leo nimejaza karatasi upya, nikaandika *teian*, na meza imehamishwa tangu asubuhi. Nilimweleza kiongozi wa zamu mjadala wenu wakati wa mapumziko. Akafikiri kidogo, akasema kwamba maishani mwake hajawahi kuhusisha *kannen* ya polisi na *kannen* ya falsafa, kwake ni kama maneno mawili. Mzee mmoja wa idara ya upakiaji alikuwa akisikiliza. Yeye akasema ni moja, na kwamba bibi yake alikuwa akilitumia kwa kukaa mbele ya madhabahu ya nyumbani bila kusema kitu. Wameanza kubishana wao kwa wao, nami nimewaacha hapohapo.

#28 Msomi wa Wuhan

Muulize yule mzee kama bibi yake alikuwa akifumba macho.

#29 Mgeni wa Aichi

Nitamuuliza Jumatatu. Yuko zamu ya usiku.